Bendi Iliyokawia Ikafika: The Cure na Albamu ya Uzeeni

Makala haya yanahusu albamu iitwayo Songs of a Lost World, iliyotolewa na bendi ya The Cure ya Uingereza tarehe 1 Novemba 2024, ikiwa ni albamu yao ya 14 na ya kwanza tangu mwaka 2008. Katika miaka 16 ya kungoja, wapo mashabiki waliokwisha kukata tamaa, na wapo waliosema kwamba bendi hiyo imebaki kuzunguka majukwaani ikipiga vibao vya zamani. Lakini kilichotoka ni kazi ya nyimbo 8 tu, zenye jumla ya dakika 49 hivi, ambayo inastahili kuwekwa safu moja na zile bora kuliko zote walizopata kufanya. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba ubora huo hautokani na bendi kuurudia ujana wake, bali unatokana na kuukubali uzee na kuutafutia umbo lake la kimuziki, jambo ambalo muziki wa roki, uliozaliwa ukiwa muziki wa vijana, haujalizoea.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kueleza kwanza bendi hii inatoka katika ukoo gani wa muziki. Roki mbadala ni jina lililoenea katika miaka ya 1980 kwa ajili ya bendi za magitaa ya umeme ambazo hazikufuata njia kuu ya biashara, bendi ambazo aghalabu zilianza na kampuni ndogo za kurekodi, zikapigwa na redio za vyuo vikuu kabla ya redio kubwa kuzikubali, na zikaimba kwa sauti isiyojali sana kupendeza. Mizizi ya ukoo huo ni panki, yaani ule muziki wa kasi na wa hasira uliozuka Uingereza kati ya mwaka 1976 na 1977, uliowashawishi vijana wengi kwamba mtu hahitaji kuwa fundi wa gitaa ndipo apande jukwaani. The Cure ni watoto wa wakati huo: walianzia Crawley, mji ulio kusini mwa London, wakatoa albamu yao ya kwanza mwaka 1979, kisha wakatoa nyingine tatu mfululizo kati ya mwaka 1980 na 1982, Seventeen Seconds, Faith na Pornography, ambazo zilizidi kuwa nzito na zenye kiza moja baada ya nyingine.

Albamu hizo tatu ndizo zilizowafanya wengi waihesabu bendi hii kuwa miongoni mwa waasisi wa gothiki, mtindo wa muziki wenye huzuni, mwangwi mwingi na besi inayotangulia mbele ya ala nyingine, ambao wafuasi wake hujulikana kwa mavazi meusi na nyuso zilizopakwa poda. Kiongozi wa bendi, Robert Smith, aliyezaliwa mwaka 1959, amekataa mara nyingi kufungwa katika jina hilo, na historia inamuunga mkono, kwa sababu mtu huyohuyo mwenye nywele zilizotimka na rangi ya mdomo iliyopakwa bila uangalifu ndiye aliyetunga nyimbo za furaha zilizochezwa kwenye redio za dunia nzima, ukiwemo Friday I'm in Love wa mwaka 1992. Hata hivyo, kila shabiki wa kweli anajua kwamba kilele cha bendi ni Disintegration ya mwaka 1989, ambayo Smith aliitunga alipokuwa anakaribia kutimiza miaka 30 na kuhofia kwamba umri unampita kabla hajafanya kazi kubwa. Hofu ya kijana anayeaga ujana ndiyo iliyozaa albamu ile. Miaka 35 baadaye, mtu yuleyule, akiwa na umri wa miaka 65, ameandika albamu nyingine kuhusu wakati, safari hii akiwa hana tena cha kuhofia kwa kubahatisha, kwa kuwa mengi aliyoyahofia yamekwisha kumfika.

Kukawia kwa albamu hii kuna maelezo yake. Sehemu kubwa ya kazi ilirekodiwa mwaka 2019 katika studio za Rockfield, zilizopo mashambani nchini Wales, na Smith mwenyewe alitangaza mwaka huohuo kwamba albamu ingetoka bila kuchelewa. Ahadi hiyo haikutimia, na haikutimia tena katika miaka iliyofuata, hata mashabiki wakaanza kuifanyia mzaha. Katika miaka hiyo ya kungoja, Smith aliwapoteza mama yake, baba yake na kaka yake, na nyimbo zilizokuwa zikizungumzia kifo kwa mbali zikawa zinazungumzia vifo vyenye majina. Aidha, bendi ilichagua njia ambayo wanamuziki wengi wakubwa huikwepa: ilianza kuzipiga nyimbo mpya jukwaani kuanzia Oktoba 2022 katika jiji la Riga, nchini Latvia, miaka miwili kamili kabla ya albamu kutoka, na onyesho la kila usiku likawa kama kichujio cha kuonyesha wimbo upi unasimama na upi bado. Baadhi ya mashabiki walikwisha kuzijua nyimbo tano kati ya nane kabla hazijauzwa, na bado albamu ilipotoka iliwashangaza, kwa kuwa mpangilio wake ulizipa nyimbo hizo maana ambayo jukwaa pekee lisingeweza kuzipa.

Jambo la kwanza litakalomgusa msikilizaji ni urefu wa milango ya nyimbo hizi, yaani sehemu ambayo ala hupigwa kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Katika rumba ya Kongo na katika muziki wa dansi wa Tanzania, masikio yamezoea waimbaji watangulie, kisha magitaa yaachiwe uwanja mwishoni katika ile sehemu iitwayo sebene, ambayo ndiyo inayowainua watu vitini. The Cure wanafanya kinyume kabisa, kwani wao huanza na uwanja mtupu wa ala, wakaujaza taratibu, na sauti ya binadamu ikafika baadaye kama mtu anayeingia chumbani akakuta mambo yamekwisha kutokea. Wimbo unaofungua albamu, Alone, una dakika karibu 7, na zaidi ya dakika 3 kati ya hizo hupita kabla ya Smith kuimba neno la kwanza. Katika zama ambazo mitandao ya kusikilizia muziki imewazoesha watunzi kutupa kiitikio ndani ya nusu dakika ili msikilizaji asiuruke wimbo, uamuzi huo ni ujasiri, na kwa shabiki ni heshima, kwa maana mtunzi anayemtaka mtu asubiri ni mtunzi anayeamini kwamba mtu huyo ana uwezo wa kusubiri.

Subira hiyo si pambo la nje, bali ndiyo maana yenyewe ya albamu. Alone ulitokana na shairi liitwalo Dregs la Ernest Dowson, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1900 akiwa na umri wa miaka 32, na kutoka kwa mshairi huyo Smith amechukua hali ya watu walioketi karamuni baada ya karamu kwisha, moto ukiwa umezimika na vikombe vikiwa na mashapo tu. Wimbo huo wa kwanza unatangaza mwisho wa nyimbo zote, na wimbo wa nane na wa mwisho unaitwa Endsong. Kwa hiyo albamu nzima, badala ya kwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, inakwenda kutoka mwisho mmoja hadi mwisho mwingine, na katikati ya ncha hizo mbili msikilizaji anapewa nafasi ya kuangalia kilichopotea. Ni mpango wa mtu aliyefikiri kwa miaka mingi, na haishangazi kujua kwamba nyimbo zote 8 zimetungwa na Smith peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu albamu ya The Head on the Door ya mwaka 1985.

Moyo wa albamu ni wimbo wa sita, I Can Never Say Goodbye, ambao Smith aliutunga kuhusu kifo cha kaka yake Richard na ambao uliimbwa kwa mara ya kwanza jukwaani huko Kraków, nchini Poland, Oktoba 2022. Unaanza kwa ngurumo, kisha piano inaingia na noti chache zinazorudiwarudiwa, sahili kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuzipiga, na hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo: noti hizo hazibadiliki hata pale gitaa la solo linapoanza kulia juu yake, wala pale ngoma zinapokuwa nzito, kana kwamba zinasema kwamba ukweli ulioletwa na kifo hicho hauna namna nyingine ya kuelezwa. Mashairi yake ni machache, yanataja mwezi wa Novemba na mvua, na yanaazima usemi wa wachawi katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare ili kuutaja ujio wa kifo bila kukiita kwa jina. Hakuna falsafa ndani yake, hakuna faraja inayolazimishwa, wala hakuna ahadi ya kuonana. Kuna ndugu mmoja anayeshindwa kuaga, na katika kushindwa huko wimbo unatimiza kazi ya kale ya maombolezo, ambayo ni kumpa mfiwa umbo la kushikilia wakati maneno yamemwishia.

Nyimbo zilizobaki zinakizunguka kitovu hicho kwa mbali na kwa karibu. And Nothing Is Forever, unaofunguliwa kwa piano na kinanda cha umeme kinachoiga zeze za okestra, unahusu ahadi ya kuwa kando ya mtu anapokata roho, na Smith ameeleza kwamba ulitokana na ahadi ya namna hiyo ambayo hakuweza kuitimiza. A Fragile Thing ndio ulio karibu zaidi na kibao cha redio, kwa kuwa una kiitikio kinachoshika mara moja na besi inayotembea kwa madaha, na unazungumzia mapenzi ambayo yanaweza kudumu kuliko vitu vyote na bado yakavunjika kwa pigo dogo. Warsong unainuka kutoka katika muungurumo wa kinanda na kuingia katika ugomvi wa watu wasioweza kuacha kuumizana, ilhali Drone:Nodrone ulichochewa na droni, yaani chombo kidogo kinachoruka bila rubani, iliyokatiza juu ya nyumba ya Smith na kumwonyesha kwamba hata uani kwake hana tena faragha. All I Ever Am, wa saba, unamrudisha msikilizaji kwa mtu anayejitazama na kugundua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake imegeuka kuwa kumbukumbu anazozisimulia upya, na kila anaposimulia zinabadilika kidogo.

Sauti ya albamu nayo inahitaji kuelezwa, kwa maana mashairi haya yangebaki manung'uniko kama yasingebebwa na bendi iliyokomaa. Simon Gallup, ambaye alijiunga na The Cure mwaka 1979 na, ukiacha miaka michache, hajabanduka, anacharaza gitaa la besi lililopitishwa katika kifaa cha kukwaruza sauti, hivi kwamba besi yake haikai chini kama msingi uliofichika bali inanguruma usawa wa kifua. Jason Cooper anazipiga ngoma kwa mapigo mazito yenye nafasi pana katikati. Roger O'Donnell, aliyekuwamo katika Disintegration, anatandaza vinanda kama ukungu unaojaa bonde. Na Reeves Gabrels, mpiga solo Mmarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi na David Bowie kabla ya kuja The Cure mwaka 2012, ndiye anayepasua ukungu huo kwa gitaa lenye makali, hasa katika Drone:Nodrone na Endsong. Smith mwenyewe, aliyeitayarisha albamu pamoja na Paul Corkett, anaimba kwa sauti ambayo kwa namna ya ajabu haijazeeka, na tofauti hiyo kati ya sauti ya kijana na maneno ya mzee ndiyo inayochoma zaidi. Hata jalada limechaguliwa kwa akili: linaonyesha sanamu ya jiwe ya kichwa cha binadamu kisichokamilika, iitwayo Bagatelle, iliyochongwa mwaka 1975 na Janez Pirnat wa Slovenia, ikielea katika weusi kama kimondo.

Yote hayo yanakusanyika katika Endsong, wenye zaidi ya dakika 10, ambamo ala zinatawala kwa zaidi ya dakika 6 kabla ya sauti kuingia. Smith ameeleza kwamba wimbo huu ulitokana na Julai 2019, wakati wa maadhimisho ya miaka 50 tangu binadamu atue mwezini, aliposimama nje ya nyumba yake akautazama mwezi na kukumbuka jinsi alivyoutazama akiwa na baba yake mwaka 1969, naye akiwa mtoto wa miaka 10. Mwezi ni uleule, lakini mtoto yule hayupo, baba hayupo, na dunia iliyoamini kwamba kesho itakuwa bora kuliko jana nayo haipo. Hiyo ndiyo dunia iliyopotea inayotajwa katika jina la albamu. Ngoma za Cooper zinazunguka bila kuchoka, gitaa la Gabrels linapanda na kushuka, na Smith anapofika mwishoni hajibu swali lolote, bali anahesabu kilichobaki na kukuta hakuna. Wimbo wa namna hiyo ungeweza kumwacha msikilizaji amevunjika, lakini unafanya kinyume, kwa sababu wanabendi watano wenye nguvu kiasi hicho hawawezi kuwashawishi watu kwamba kila kitu kimekwisha wakati wao wenyewe wanapiga kana kwamba ndio kwanza wameanza.

Wapo waliopinga sifa hizi, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wanasema albamu hii ina rangi moja, kwamba ule upande wa kucheka wa The Cure, uliozaa vibao vyepesi vya miaka ya 1980, haumo, na kwamba sauti zimesongamana mno hata baadhi ya ala kuzibana nyingine. Hoja ya msongamano ina ukweli, hasa katika Warsong, ambamo gitaa na besi vinagombea nafasi moja kiasi cha kumchosha anayesikiliza kwa spika ndogo. Hoja ya rangi moja, hata hivyo, inasahau kwamba Wild Mood Swings ya mwaka 1996 ilijaribu kubeba kila rangi ikaishia kutawanyika, na kwamba 4:13 Dream ya mwaka 2008, yenye nyimbo 13, ilikuwa na mengi lakini haikuwa na kitovu. Kuchagua nyimbo 8 na kuziacha nyingine, ukiwemo Another Happy Birthday uliokwisha kuimbwa mbele ya mashabiki, ni dalili ya mtunzi aliyejifunza kukata, na ukataji huo umeipa albamu umoja ambao bendi hii haikuwa nao kwa zaidi ya miongo miwili.

Mapokezi yake yamekuwa makubwa kuliko ilivyotazamiwa kwa bendi ya umri huo. Albamu ilishika namba moja nchini Uingereza, nafasi ambayo The Cure hawakuwa wameipata tangu Wish ya mwaka 1992, na siku ileile ya kutoka waliipiga yote, kwa mpangilio wake, katika ukumbi wa Troxy jijini London, katika onyesho la karibu saa tatu lililorushwa moja kwa moja kwa wasiokuwepo. Mafanikio hayo yanahusiana pia na uaminifu ambao bendi imeujenga kwa wasikilizaji wake: katika ziara ya Amerika Kaskazini ya mwaka 2023, Smith aliikataa mbinu ya kupandisha bei ya tiketi kadiri wanunuzi wanavyoongezeka, akahakikisha kwamba zipo tiketi za dola 20, na ada za Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, zilipofikia hata kuzidi bei ya baadhi ya tiketi zenyewe, alilalamika hadharani mpaka baadhi ya wanunuzi wakarudishiwa dola 5 au 10. Mtu anayeimba kuhusu vitu vinavyopotea na wakati huohuo akawalinda waliokuja kumsikiliza wasiporwe ana haki ya kuaminiwa anapozungumzia hasara.

Hukumu inayotolewa hapa ni kwamba Songs of a Lost World ni albamu bora ya The Cure tangu Disintegration, na kwamba katika jambo moja inaizidi: ile ya mwaka 1989 iliogopa wakati, hii imekaa nao meza moja. Kwa msikilizaji ambaye hajapata kuisikia bendi hii, ushauri ni asianze na wimbo mmojammoja uliookotwa huku na kule, wala asiiweke iwe kelele ya nyuma wakati wa kazi nyingine, bali atenge dakika 49, aisikilize kwa mpangilio wake kuanzia Alone hadi Endsong, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, na asiusogeze mbele wimbo wowote kwa sababu mwimbaji amechelewa kuingia.